Harusi ya Watu Arobaini

Mtu hujikuna ajipatapo, na mkono wa familia ya Mzee Spika ulifika kwenye watu arobaini ukaishia hapo. Orodha iliandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ikabandikwa ukutani juu ya meza ya chakula, na kila aliyepita aliisoma upya kana kwamba majina yangeweza kutoroka. Binamu mmoja aliingizwa Ijumaa, akafutwa Jumamosi kwa kosa la kuwa na watoto sita, akarudishwa Jumatatu kwa sharti kwamba aje peke yake.

"Arobaini," alisema mke wa Spika, akigonga ukuta kwa mwiko. "Viti arobaini, sahani arobaini, soda arobaini. Huyo wa arobaini na moja akija, atakaa kwenye goti la nani?"

"Langu," alisema Spika.

"Goti lenyewe hilo likikunjwa mpaka tuite watu walikunjue?"

Binti yao, ambaye ndiye bibi harusi mwenyewe, hakucheka. Alikuwa akihesabu vijiko. Kazi yake ilikuwa duka la dawa, na harusi yake aliipima kama anavyowapimia watoto dawa ya kikohozi, tone lisizidi. Gauni aliazima kwa mwenzake wa kazini, likabanwa kiunoni kwa pini. Asubuhi ya Jumamosi wangekwenda ofisi ya msajili wa ndoa, saa saba mchana wangekula uani, na saa kumi viti vingerudi kwa mwenyewe. Hela iliyobaki ilikuwa kwenye bahasha, ndani ya droo ya kabati, na hiyo haikuwa ya harusi. Ilikuwa kodi ya miezi sita ya chumba na sebule. Mwenye nyumba aliitaka yote kwa mkupuo, Jumapili kabla ya saa sita, la sivyo chumba kina watu watatu wanaokimezea mate.

Na chumba walikihitaji kweli. Bwana harusi, fundi bomba mwenye mikono mizito na maneno machache, alikuwa akilala jikoni kwa kaka yake, kichwa karibu na mtungi wa gesi na miguu karibu na pipa la unga. Mke hapelekwi mahali kama hapo.

"Baba," binti alisema, akiweka vijiko chini. "Nina ombi moja tu kwako. Usitangaze."

Hilo ombi lilimchoma Spika, ingawa alilitegemea. Kutangaza ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na baiskeli iliyofungwa kipaza sauti nyuma ya tandiko, betri ya gari kwenye kapu la mbele, na kimashine cha kucheza sauti alizorekodi kwenye kadi. Miaka thelathini alikuwa akizunguka mitaa ile akitangaza mbuzi waliopotea, chanjo za watoto, maji yatakayokatika, marehemu watakaozikwa kesho. Mambo yote hayo yalikuwa ya watu. La kwake mwenyewe lilikuwa limepatikana moja, nalo ndilo analoambiwa alifumbie mdomo.

"Sitatangaza," alisema. "Naapa kwa betri yangu."

Na aliapa kwa moyo safi, tusimsingizie.

Kesho yake, Jumanne mchana, Spika alibaki nyumbani peke yake kurekodi tangazo la duka la magodoro. Alifunga dirisha, akajifunika blanketi kichwani ili sauti isipige mwangwi, akasema yake: "Magodoro, magodoro, magodoro! Sponji nzito, bei nyepesi! Lala kama mfalme!" Alipomaliza, taa nyekundu ya mashine ilikuwa bado inawaka. Humo gizani chini ya blanketi hakuna aliyemwona. Ulimi ukaanza wenyewe.

"Tangazo, tangazo, tangazo. Mimi ninayewatangazia kila siku mambo ya wengine, leo nina la kwangu. Binti yangu anaolewa. Yule mliyekuwa mkimwona anasomea kwenye taa ya duka la dawa kwa kuwa kwetu umeme ulikatwa, ndiye anayewauzia dawa leo. Jumamosi, saa saba mchana, nyumbani kwa Mzee Spika, nyuma ya kiwanda cha matofali. Njooni nyote, wazee kwa watoto, mle mpaka mfungue mikanda!"

Kwa nini aliwaalika watu wote? Kwa sababu tangazo lisilo na "njooni nyote" yeye hajawahi kulisikia tangu azaliwe. Alijisikiliza mara moja, machozi yakamtoka. Akajisikiliza mara ya pili. Alikuwa anatafuta kitufe cha kufuta pale aliposikia maji ya chai yakifurika juu ya jiko, akakimbia kuyaepua, akaungua kidole, akasahau.

Jumatano asubuhi alifunga betri, akakaza skrubu za kipaza, akajaza pamba masikioni, kisha akavuta kofia yake ya sufu ikafunika pamba. Nesi alikuwa amemwonya kwamba akiendelea kukaa mbele ya lile tarumbeta la kipaza bila kuziba masikio, ipo siku atatangaza vitu asivyovisikia. Sasa alikuwa akitangaza vitu asivyovisikia kwa sababu ya pamba, lakini angalau masikio yalikuwa salama. Akabonyeza kitufe, akapanda, akaanza kukanyaga.

Kile kimashine kilikuwa na tabia moja ambayo Spika aliijua vizuri, ila siku hiyo haikumjia akilini. Hucheza kila kilichomo kwenye kadi, kimoja baada ya kingine, kisha kinaanza upya.

Mtaa wa kwanza tu alishangaa. Muuza mkaa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, aliacha wateja wake, akaja anacheza mpaka katikati ya barabara, akamshika Spika mashavu yote mawili kwa mikono myeusi tititi. Midomo yake ilisema jambo refu la furaha. Spika akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akajisemea moyoni: maskini, huyu mama atakuwa amelalia mkeka miaka mingi.

Kwa kinyozi, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu walitoka nje wakapiga makofi. Kwenye shule, mwalimu aliwasimamisha watoto madirishani wakapunga mikono. Yule jirani wa zamani aliyemnunia miaka miwili kwa ajili ya ugomvi wa ukuta, alifungua geti, akampa mkono na kuukamata kwa muda mrefu. Spika akapanda baiskeli tena. Kumbe godoro linaweza kupatanisha watu! Akazunguka mitaa yote kumi na minne, kisha kwa hamasa akarudia minne ya mwanzo bila malipo.

Saa sita alifika kwenye duka la magodoro. Mwenye duka, ambaye watu walimwita Bosi Sponji, alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Spika akavua kofia, akachomoa pamba.

"Bosi, wamelipokea vizuri ajabu."

"Nimeona. Tangu asubuhi wameingia watu kama hamsini."

"Nilijua!"

"Hakuna aliyenunua hata mto. Wote wanaulizia kama ni saa saba kamili au saa saba za kwetu."

"Saa saba ya nini?"

Bosi Sponji alinyoosha kidole tu, kuelekea nyuma ya Spika, na Spika akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye lile tarumbeta, tamu na ya kujiamini: "...njooni nyote, wazee kwa watoto, mle mpaka mfungue mikanda!"

Spika akakaa juu ya godoro la maonyesho, na kwa mara ya kwanza Bosi hakumkataza mtu kulikalia.

"Nusu ya muda ulitangaza langu, nusu ukatangaza lako," Bosi alisema baada ya kumhurumia kidogo. "Kwa hiyo nitakulipa nusu. Usinielewe vibaya, biashara ni biashara." Akamhesabia mkononi. "Halafu, Mzee, na mimi nakuja. Mke wangu ameshaanza kutafuta viatu."

Alipofika nyumbani alimkuta binti yake amesimama sebuleni bado amevaa koti jeupe la kazini. Mke wake alikuwa amekaa mbele ya orodha, anaitazama kama barua ya msiba. Fundi bomba naye alikuwa ameitwa, spana mkononi, maji yanamdondoka kwenye suruali.

"Baba, uliapa."

"Niliapa, mama. Sikutangaza. Imetangaza yenyewe." Akaeleza, kwa kifupi na kwa kigugumizi, habari ya blanketi na taa nyekundu na chai. "Nilitaka nijisikie mwenyewe tu. Mara moja."

"Na njia nzima hukujisikia?" binti akauliza.

"Nilikuwa na pamba."

Mke wake, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi mkubwa, alipasuka kicheko bila kutaka, akaziba mdomo kwa khanga. Lakini binti hakucheka, na Spika alikuwa akimtazama yeye.

"Nilipoota mapele ulitangaza unatafuta dawa," binti alisema. "Nilipofaulu mtihani ulitangaza, sawa. Nilipofeli hisabati ukatangaza unatafuta mwalimu. Nikienda dukani watu wanajua habari zangu kabla yangu. Leo wamekuja wateja thelathini kunipongeza, mmoja anakariri maneno yako neno kwa neno, huku analia. Nilitaka kitu kimoja tu, Baba, ambacho mtu akikijua, amekijua kutoka kwangu."

Mtu wa maneno akikosa maneno anatia huruma, na wote watatu walimhurumia Spika, hata huyo aliyekuwa na hasira.

Fundi bomba ndiye aliyefungua kinywa. "Mitaa kumi na minne," alisema taratibu. "Na mtu akialikwa haji peke yake. Weka mia tatu." Akaiweka spana chini. "Mimi naona tuchukue ile hela ya kodi. Tununue chakula, watu wale, aibu iishe. Chumba tutapata kingine mbele ya safari. Jikoni kwa kaka nimeshazoea."

"Na mimi nitalala wapi?" binti akamuuliza, bila kupandisha sauti. "Kwenye pipa la unga?"

Kijana akainamisha kichwa. Na hapo ndipo Spika alipoumia sawasawa, kuliko alipoumia mbele ya Bosi Sponji. Alikuwa amemtangazia binti yake harusi, na kwa mdomo huohuo alikuwa amempokonya mahali pa kulala.

"Nitauza kipaza," akasema.

"Ukiuza kipaza, wewe na mama mtakula nini? Baba, usituongezee."

"Basi kesho nitapita mitaa yote kuwaambia wasije."

"Maji yakimwagika hayazoleki," mke wake alisema.

"Nitayazoa."

Alhamisi alitoka bila pamba na bila kadi. Safari hii angesema kwa kinywa chake, kwa maikrofoni, mtaa kwa mtaa. Usiku kucha alikuwa amefanya mazoezi: ndugu wananchi, lile tangazo la jana lilikuwa na hitilafu. Neno "hitilafu" alilipenda. Lilikuwa neno la heshima, la watu wa umeme.

Akasimama mtaa wa kwanza, akafungua maikrofoni. "Tangazo, tangazo..."

"Haya, baba harusi!" muuza mkaa akaitikia kutoka kwenye magunia yake. "Gauni langu nimelipeleka kupigwa pasi, na sijavaa gauni lile tangu kijana wangu wa mwisho azaliwe. Sema, tunakusikiliza!"

Spika akaifunga maikrofoni. Akaenda mtaa wa pili, ikawa vilevile, wa tatu vilevile. Kufika wa nne hakuwa akijaribu tena kusema. Alisukuma baiskeli polepole, kipaza kimewashwa, kinatoa mngurumo mdogo na pumzi zake. Watu wakatoka milangoni. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini mbiu ikipita kimya, watu wa mitaa ile walijua moja tu: kuna msiba. Mtu akakimbia mpaka duka la dawa kumwambia binti kwamba baba yake amepatwa na kitu.

Binti alimkuta ameketi ukingoni mwa barabara mbele ya kinyozi, maikrofoni juu ya paja, amezungukwa na watu wapatao ishirini. Mmoja anampepea, mwingine anamlazimisha maji.

"Baba! Unaumwa wapi?"

"Ulimi."

"Umefanya nini?"

"Umegoma," Spika alisema. "Miaka thelathini nimetangaza vifo vya watu, haukuwahi kugoma. Leo namwambia huyu mama asije kukuona siku yako ya harusi, unagoma. Nisamehe, mama. Siwezi."

Binti akawatazama wale watu. Walikuwa wakimtazama kwa uso wa furaha na wasiwasi pamoja, kinyozi na mashine yake, muuza mkaa aliyekuja mbio akihema, jirani wa ukuta. Hasira alikuwa nayo bado, tuseme kweli, na aibu pia. Lakini baba yake alikuwa amekaa chini barabarani kama mzigo ulioshushwa, na hilo hakuweza kulivumilia. Akaichukua maikrofoni pajani mwake.

"Halo," alisema. Kipaza kikapiga mluzi, kisha "halo" yake ikaenda mpaka mwisho wa barabara na kumrudia. Akashtuka. Akameza mate.

"Mimi ndiye bibi harusi. Baba yangu amewaalika nyote, na hakuniuliza. Chakula chetu ni cha watu arobaini. Hela iliyobaki ni kodi ya chumba chetu, na hiyo siigusi, hata mkininunia. Sitaki kuwadanganya, na kuwafukuza sitaki. Anayetaka kuja, aje. Ila njooni mkiwa mmekula. Na kila mtu aje na kitu chake cha kukalia."

Binti alihisi masikio yanamwaka moto. Wageni wanaambiwa waje na shibe yao! Hajawahi kusikia mtu aliyesema neno kama hilo hadharani.

"Tule saa ngapi?" muuza mkaa akauliza.

"Kabla ya saa saba."

"Ndiyo hilo tu? Mimi hapa nilidhani mnasema harusi imevunjika!" Akageuka kwa wenzake. "Kula nyumbani kwangu si kazi ngeni kwangu. Nina uzoefu nayo tangu utotoni."

Kicheko kilichozuka pale kilimwinua Spika chini. Wakazunguka mitaa yote, baba anasukuma baiskeli, binti anatembea pembeni na koti lake jeupe, anarudia maneno yale. Mtaa wa sita sauti ilikuwa imemkaa sawa. Mtaa wa tisa alikuwa ameongeza ya kwake: "Watoto nao washibishwe hukohuko!" Spika aliusikia kila mkato wa pumzi yake bila pamba masikioni, akajaa furaha ambayo alijua kabisa hakuistahili.

Jumamosi, kabla wino haujamkauka msajili kidoleni, uani kwa Mzee Spika kulikuwa hakuna pa kuweka unyayo. Watu walikuja na vigoda, ndoo za kupindua, kreti za soda, kiti cha gari kilichong'olewa. Kiti cha kinyozi kilibebwa na wanaume wawili, kinyozi mwenyewe akielekeza. Na hapakuwa na aliyeishia kwenye hodi tu pale getini.

"Hodi, nimeshiba!"

"Karibu!"

"Hodi, sisi tumekula mara mbili!"

"Mimi," alisema muuza mkaa, akiingia na gauni lililopigwa pasi mpaka likang'aa, "nimeshiba tangu jana." Mzee mmoja nyuma yake, aliyeona maneno hayatoshi, alicheua kwa sauti kama ushahidi, akapokewa kwa shangwe.

Binti alikuwa akicheka, pini zinamchoma kiunoni, mume wake pembeni ndani ya suti ya kaka yake iliyoishia juu ya kifundo cha mguu. Kwa muda kila kitu kilikwenda vizuri kupita kiasi. Kisha mama mtu akatoka jikoni.

Alikuwa amepika tangu alfajiri. Sufuria mbili za wali, moja ya kuku, kachumbari beseni zima. Akaziweka sahani arobaini mbele ya viti arobaini vya kukodi, mbele ya watu arobaini wa kwenye orodha, akasubiri. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kuleni," akasema.

"Tunashukuru sana, shemeji," alisema baba mdogo wa bwana harusi, mkono kifuani. "Tumekula nyumbani."

"Nyie mpo kwenye orodha!"

"Tangazo halikutaja orodha. Lilisema tuje tumekula."

Mama akaenda kiti cha pili. Amekula. Cha tatu, amekula. Binamu mwenye watoto sita alikuwa amekula, na watoto wake wote sita, ambao hawakualikwa, walikuwa wamekula. Watu mia tatu walikaa mbele ya chakula kile wakiwa wamenyooka, macho juu, wamejaa adabu na shibe, na harufu ya kuku inapita juu yao bila mwenyewe.

Mama akasimama katikati ya ua. "Nimesimama kwenye moto tangu alfajiri," alisema. "Harusi ya binti yangu, na chakula kinalala? Nitamwambia nani kwamba nilioza mtoto, na watu hawakugusa sahani?" Wiki nzima alikuwa ameogopa chakula kisitoshe. Hakuna aliyemwambia aogope hili.

Binti akamtazama mama yake, kisha akatafuta uso wa baba yake katikati ya watu.

"Baba."

"Naam, mama."

"Tangaza."

Spika alitazama kushoto na kulia kama mtu anayehofia kukamatwa. Kisha akapanda juu ya ndoo. Hakuhitaji kipaza; mifupa ya kifua ilikuwa na kazi hiyo miaka thelathini.

"Tangazo, tangazo, tangazo! Chakula kipo! Aliyekula nyumbani asahau kwamba alikula!"

Hakuna aliyejongea. Adabu ya watu wa pale ikishakaza ni ngumu kuliko kokoto. Basi bibi harusi akachukua sahani moja, akakunja mkono wa gauni la watu, akapita katikati ya ndoo na vigoda mpaka kwa muuza mkaa, akafinyanga tonge.

"Mama, fungua mdomo."

"Mwanangu, nimeshiba, haki ya nani."

"Najua. Fungua."

Muuza mkaa akafungua. Akatafuna akiwa amefumba macho, na machozi yakamtoka, akasingizia pilipili, ingawa kachumbari ile haikuwa na pilipili hata moja. Baada ya hapo nani angebaki na aibu? Sahani zikaondoka mezani, zikapita mkono kwa mkono, huyu anachota tonge anampa wa nyuma, huyu anamlisha jirani. Jirani wa ukuta alilishwa na Spika mwenyewe, akalipiza kwa kipande cha paja. Hakuna aliyeshiba pale, kwa kuwa hakuna aliyekuja na njaa, na mama alisimama mlangoni na mwiko wake, anakwangua sufuria, anagombeza watu kwa kumaliza mapema. Alikuwa na furaha mpaka akawa mkali.

Jumapili saa nne, waliondoka kuhamia. Baiskeli ya Spika ilibeba kitanda kilichofunguliwa vipande, sufuria tatu, na mto mmoja mpya kabisa, zawadi ya Bosi Sponji, ambaye alisema godoro lenyewe watajinunulia kwake watakapojaliwa. Mbele alitembea binti na bahasha, nyuma fundi bomba na godoro lake la zamani kichwani.

Mwenye nyumba aliwapokea barazani. Akazihesabu zile hela noti moja moja, akazigeuza, akazihesabu tena kutokea upande wa pili.

"Jana nilikuwepo," akasema bila kuinua macho.

"Tulikuona, mzee. Ahsante kwa kuja."

"Nilikuja nimekula, kama mlivyosema." Akamaliza kuhesabu, asipunguze hata senti. Zote zilikuwa sawa. Akaufungua mkono wa binti, akamwekea ufunguo. Binti akaufumba mkono ule juu yake, akaukaza, maana chumba kilikuwa chao, chenye mlango wake na kitasa chake, na hakuna mtungi wa gesi wa mtu kando ya kichwa cha mumewe.

Kisha mwenye nyumba akaiona ile baiskeli, na lile tarumbeta nyuma ya tandiko.

"Sharti langu mnalijua," akasema. "Nyumba hii haina kelele. Huyu mzee wa matangazo naye anahamia?"

Spika akajifanya anakaza kamba ya mzigo. Alikuwa akitarajia jibu, na akaliogopa.

"Hahamii," binti alisema. "Ni baba yangu. Atapita hapa barabarani kila siku, ndiyo kazi yake. Na nikiwa na habari, yeye ndiye atakayewatangazia."

"Habari gani?"

Binti alimtazama mumewe, fundi bomba akalitazama godoro, na Mzee Spika, ambaye alikuwa amesikia vizuri kabisa, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Bado, Baba," binti yake akamwambia, akampa upande mmoja wa kitanda ashike, wakaingia ndani.